Pishi ya Ammar

Mimi na mama mkwe wangu, Bi Jokha, hatujawahi kukubaliana juu ya fitri. Msikitini walishatangaza: kilo mbili na nusu za mchele kwa kila kichwa. Yeye kilo hazitaki. Fitri kwake ni pishi, kile kipimo cha mbao alichoachiwa na mamake, na kila pishi huimimina huku akimtaja mwenyewe. Hii ya Bader. Hii ya Kholood. Na joto hili la Bagamoyo, na saumu juu!

Mwaka huu nikamuwahi. Siku ya mwisho ya Ramadhani nilirudi kutoka dukani na mfuko wa kilo kumi, nikauweka sebuleni.

"Fitri hiyo, mama. Imekwisha pimwa."

Akautazama. "Kilo kumi ni pishi ngapi?"

"Nne."

"Na nyumba hii hutoa pishi ngapi, Nawal?"

Njia ya mwongo fupi. Tulikuwa tukitoa tano: yake, yangu, ya binti yangu Kholood, ya shemeji yangu Bader, na ya Ammar, mume wangu, aliyekwenda Msumbiji kutafuta biashara na mwaka wa tatu huu hana simu wala salamu. Fitri hutolewa aliye hai tu. Nilitaka mizani iseme badala yangu, maana mimi niliogopa.

Hakunigombeza. Alifungua mfuko, akapima pishi nne akitaja majina, mchele ukaisha. Kisha akaenda jikoni, akachota mchele wa pilau ya sikukuu, akasawazisha pishi kwa kiganja na kunipa.

"Siku zote nammiminia mimi, kwa kuwa nimemzaa. Leo mmiminie wewe, ni mumeo. Ukimimina, tutamngoja sote. Usipomimina, sikulaumu."

Nilimpenda Ammar, Mungu anajua. Lakini kungoja kumenichosha hata nachukia kusikia jina lake. Nikafungua mdomo niseme "Hii ya Ammar," nikaufunga tena. Nikaurudisha mchele jikoni.

Niliporudi, Bi Jokha alikuwa amekaa sakafuni, analia bila kujificha. Nikakaa karibu yake, nami nikalia.

"Sikukuu ikipita tutakwenda kwa kadhi," alisema mwishowe. "Usiende peke yako, mwanangu. Mimi ndiye mama yake. Nikisema mimi, atakuvunjia ndoa."