Siku Jiming Alipokataa Mbavu

Barua ya daktari wa shule ilikuwa fupi. Ruoxi, miaka tisa, kilo hamsini na nne. Ini limeanza kushika mafuta. Wazazi wabadilishe ulaji, mtoto apimwe tena baada ya miezi mitatu. Jiming, baba yake, aliisoma mara mbili, kisha akatafuta wa kumlaumu. Hakwenda mbali. Mama yake mzazi alikuwa jikoni anageuza mbavu za nguruwe.

"Mama, kuanzia leo hakuna kumwekea mtoto chakula bakulini. Ajipakulie mwenyewe."

"Barua imenitaja mimi?" mama aliuliza bila kugeuka.

"Imetaja wazazi."

"Mimi ni bibi. Kaisome tena."

Lanying, mke wa Jiming, alicheka chinichini. "Umefungwa bao, Baba Ruoxi."

Hata hivyo amri ilishika siku tatu. Siku ya nne, mezani, vijiti vya kulia vya bibi vilizungukazunguka hewani kama ndege aliyekosa tawi, mwisho vikatua. Ubavu mnene, unaong'aa kwa sukari, ukaanguka katika bakuli la Jiming.

"Amri ni ya mtoto wako," bibi alisema. "Huyu ni wangu."

Jiming akala. Ukaja wa pili, akala. Ukaja wa tatu. Tumbo lilikuwa limeshajaa, lakini katika miaka yake thelathini na minane hakuwahi kukataa kitu kilichotoka kwenye vijiti vya mama yake. Mama huyu alitafuna magome ya miti mwaka wa njaa, akiwa na miaka saba. Mpaka leo wali wake aliula na mboga za chumvi tu. Nyama, alisema, ni ya vijana. Utamwambiaje mtu kama huyo kwamba umeshiba?

"Baba, hujashiba?" Ruoxi aliuliza.

"Nimeshiba kitambo."

"Mbona unaendelea?"

"Si Bibi ameniwekea."

"Ndiyo," alisema Ruoxi. "Na mimi huwa hivyo hivyo."

Jiming aliacha kutafuna. Kumbe siku zote hizo alimwamrisha mama, akamwamrisha mtoto, yeye mwenyewe akijiacha nje kama mgeni. Ubavu wa nne ulikuwa njiani. Akaziba bakuli kwa kiganja.

"Mama, nimeshiba. Sitaki tena."

Lanying alishusha vijiti vyake taratibu.

"Unaumwa?" bibi aliuliza.

"Siumwi."

"Nimepika vibaya?"

"Umepika vizuri. Ila mwanangu hajawahi kuona mtu akikukatalia na dunia ikabaki pale pale. Nisipomwonyesha mimi baba yake, nani atamwonyesha?"

"Mdomo huo umeupata wapi?"

"Kwako, Mama. Ulinizaa nao."

Ruoxi aliutazama mkono wa baba yake, akamtazama bibi. Polepole akaziba bakuli lake kwa viganja viwili.

"Bibi, na mimi nimeshiba."

Ubavu ulibaki hewani, ukidondosha mchuzi mezani.

"Sasa huu nimpe nani?"

"Kula wewe," Jiming alisema.

Bibi aliukagua pande zote, kama aliyeuziwa na mtu asiyemwamini. Akauma. Akatafuna kwa muda mrefu, wote wakimtazama.

"Sukari imezidi," alisema hatimaye. "Miaka yote hii mmekaa kimya tu?"