Shingo ya Mtihani

Uji ulipoingia wodini, Loisi Madeje aligeukia ukutani ili asisikie harufu yake. Juu ya kitanda chake palining'inia kibao kilichoandikwa ASILE ASINYWE, na mgawa uji alipita bila hata kukisoma. Alikwisha kukizoea.

Hii ilikuwa mara ya tatu kufungishwa kula na kunywa ili apasuliwe. Mara ya kwanza mashine ya kuchemshia vifaa vya upasuaji iliharibika. Mara ya pili waliletwa majeruhi wa bodaboda, na mwenye kuvuja damu hutangulizwa. Hilo Loisi alilikubali bila kinyongo. Lakini rovu, ule uvimbe wa koo, lilikuwa shingoni mwake, si kwa mtu mwingine, na sasa lilikuwa limejaa kiganja. Akilala chali pumzi inakatika, kwa hiyo usiku aliegemea mito na blanketi lililoviringishwa, akasinzia amekaa. Na kule Makutupora mwenye shamba la zabibu alikuwa amemwambia ukweli wake: wakianza kupogoa naye hajarudi, mistari yake atapewa kibarua mwingine.

"Leo ni leo, dada," alisema Restuta, mdogo wake, aliyekuwa amelala nje kwenye baraza ya ndugu wa wagonjwa. Macho yalikuwa mekundu kwa vumbi na upepo. "Nimekuombea mpaka nimesinzia katikati ya sala."

Nesi Damas alifika akisukuma kiti cha magurudumu.

"Mama Madeje, twende."

"Thieta?"

"Kaa vizuri mama, tumechelewa."

Loisi alivua hereni zake, akazitia mkononi mwa Restuta kama alivyofundishwa mara mbili zilizopita. Koo lilikuwa limekauka hata mate yalimezeka kwa shida. Walipofika kwenye mlango mpana wa thieta, chumba cha upasuaji, alifumba macho. Alipoyafumbua, mlango ulikuwa nyuma yao.

"Tumeupita," alisema.

"Ni chumba kingine," Damas alijibu, akikata kona.

Nje ya chumba hicho kingine walipangana vijana wenye makoti meupe, wakinong'ona na kujifuta jasho mikononi. Restuta, aliyekuwa amewafuata, aliambiwa abaki pale pale. Ndani, nyuma ya pazia, palikuwa na kiti, meza, jagi la maji na bilauri. Profesa Bartolomayo alikuwa ameketi pembeni na karatasi magotini. Loisi alimfahamu, ndiye aliyekuwa akipita wodini na kundi lake, akamminya shingo, akasema maneno ya Kiingereza, wote wakaitikia kwa vichwa. Karibu naye alikaa mwanamke mwenye miwani, mtahini mgeni kutoka chuo kingine.

Kengele ililia. Aliingia kijana mrefu, uso umemsinyaa kwa woga.

"Shikamoo mama. Naomba nikuchunguze shingo."

Alizunguka nyuma ya kiti. Vidole vyake vilikuwa baridi. Akambonyeza hapa, akambonyeza pale, kisha akamletea bilauri mbele ya uso. "Chukua maji kidogo mama, umeze."

"Siruhusiwi."

"Kidogo tu."

"Nimefungishwa, mwanangu. Nikinywa hawanipasui."

Kijana alimtazama profesa.

"Funda moja halina neno, mama," profesa alisema.

"Jirani yangu wa kitanda cha pili alilamba chai, wakamrudisha kutoka mlangoni. Alifokewa mbele yetu sote. Mimi sinywi."

Profesa aliangalia saa. "Mama, leo hakuna upasuaji. Madaktari tuko kwenye mtihani. Wiki hii yote thieta ni ya dharura tu."

Alilisema kama mtu anayetaja saa za kufunga ofisi. Loisi alimtazama, akingoja labda kuna neno lingine linafuata. Halikufuata.

"Hukuambiwa?" profesa aliuliza, kisha akamgeukia Damas aliyesimama kwenye pazia. "Hamkumwambia?"

"Mimi nimeingia zamu asubuhi hii, Profesa. Nimekuta kibao kipo, nikakiacha. Sisi tuliambiwa tu asiruhusiwe kuondoka, ni wa mtihani."

"Wa mtihani tangu lini?" Loisi aliuliza.

Damas alianza kunyoosha pazia. Yule kijana bado alikuwa ameshika bilauri, maji yakimwagikia koti lake.

Loisi alisimama. "Watafute shingo nyingine," alisema, akatoka.

Alifika nusu ya ukumbi pumzi ikamwishia. Aliegemea ukuta, kifua kikilia filimbi, na Restuta akaja mbio kumshika. Loisi alimweleza kwa vipande vipande, akipumzika kati ya neno na neno. Damas naye alikuwa amewafuata, bila kiti. Alisimama kando kidogo, akazungumza kwa sauti ya chini.

"Mama, yule profesa ndiye atakayekupasua. Na ukikataa, wataandika mgonjwa hana ushirikiano. Nimewaona watu wakirudishwa nyumbani kwa maneno hayo hayo." Alikuna shingo yake. "Ningekuwa najua kuwa hujui, ningekuambia. Nisamehe."

"Ungeuliza."

"Ningeuliza," Damas alikubali.

Restuta alimfuta dada yake jasho kwa upande wa khanga. "Rudi, dada."

"Nirudi nikashikwe-shikwe kama mbuzi wa mnadani?"

"Hasira zako hazitakutoa hilo rovu. Anayelitoa yuko mle ndani."

Kilichomuuma Loisi zaidi ni kwamba mdogo wake alikuwa anasema kweli. Alimtazama Damas, akautazama mlango aliotokea, akaona jinsi ulivyo karibu na jinsi njia ya kurudi Makutupora na shingo ile ile ilivyo ndefu. Akageuka. Damas alitaka kumshika mkono, akamkwepa.

Alipoketi tena, hakuna aliyemwomba radhi. Profesa alifunua karatasi nyingine. Yule kijana mrefu alikuwa ameshaondoka, muda wake umekwisha. Kengele ikalia.

Aliyeingia safari hii alikuwa binti mwenye hijabu nyeupe, mwembamba. Hakuzunguka nyuma. Alivuta kiti, akaketi mbele yake.

"Shikamoo mama. Mimi naitwa Munira, mwanafunzi wa mwaka wa tano. Wewe unaitwa nani?"

"Marahaba. Loisi Madeje."

"Mama Loisi, una tatizo gani? Nini kinakusumbua?"

Loisi alimtazama binti, kisha akawatazama wale wawili wenye karatasi.

"Nina njaa," alisema. "Nimefungishwa tangu jana jioni, chakula na maji, kwa upasuaji ambao haupo. Waliojua hawakuniambia. Nimevua hereni nikiaga, kumbe naletwa huku. Hilo ndilo tatizo langu la leo. La shingo ni la miaka, utalikuta hapo hapo."

Saa ya ukutani ilikuwa ikimlia Munira dakika zake, naye alilijua hilo. Akainuka, akamimina bilauri ikajaa.

"Kunywa kwanza mama. Yote."

Loisi alikunywa bila kupumua. Maji yakamteremka kifuani kama mvua kwenye udongo uliopasuka. Munira alimimina tena, na ndipo akaenda nyuma yake, akapasha mikono kwa kuisugua, akaiweka shingoni taratibu. "Sasa meza mama. Pole. Tena."

Alipomaliza, profesa alisema, "Haya. Malalamiko makuu ya mgonjwa."

Munira alianza kwa Kiingereza, kama mtihani ulivyotaka. Loisi hakuelewa kitu ila jina lake mwenyewe, lote, la kwanza na la pili. Lakini alimwona mtahini mgeni akiinua kichwa kutoka kwenye karatasi, na akamwona profesa akikunja uso.

"Hilo la njaa liache," profesa alisema kwa Kiswahili. "Si la kitabibu. Anza na uvimbe."

"Ndilo alilolitaja la kwanza, Profesa," Munira alisema. "Tumefundishwa kuandika kwa maneno ya mgonjwa."

Mtahini mgeni alivua miwani. "Ni kweli, mama? Umefungishwa tangu jana?"

"Kweli tupu."

Mwanamke yule alimtazama profesa. Profesa alikuwa anaandika. Aliandika kitu kifupi, akakipigia mstari chini, na Loisi hakuweza kujua kama binti yule alikuwa amefaulu au amejiharibia. Munira mwenyewe hakujua. Alimalizia habari za uvimbe haraka haraka, kengele ikamkatia katikati, akaokota kipimo chake cha kusikilizia moyo, akatoka bila kugeuka.

Pazia likafunguka. Aliingia kijana mwingine, kalamu sikioni.

"Shikamoo mama. Una tatizo gani?"

Loisi alijiweka sawa kitini, akahakikisha wale wawili wanasikia.

"Marahaba. Naitwa Loisi Madeje," alisema. "Nimefungishwa tangu jana jioni, kwa upasuaji ambao haupo."