Taa Aliyoipita Masele

Watu husema mwenye wivu ajinyonge. Mimi sijinyongi, mimi huenda kuuliza. Na mume wangu Masele ni dereva, kwa hiyo ninayo mengi ya kuuliza. Anapeleka saruji na mabati Geita, na wanawake wa machimboni nawajua kwa sifa zao.

Lakini nilikuwa na jambo moja la kunituliza: Masele hapiti taa nyekundu. Nilipokuwa na uchungu wa mwanetu Wema, tulifika kwenye makutano ya barabara kuu, ikawaka nyekundu. Barabara tupu. Mimi nimeng'ata bega la shati lake, yeye kanishika mkono na macho kayakaza kwenye taa. Taa ile nayo inakawia, mtu anamenya viazi vya mchana akamaliza. Nilimtukana mpaka ikawa kijani. Baadaye nikajisemea, mwanaume wa namna hii hawezi kuwa na haraka ya kwenda kwa mwanamke yeyote.

Basi Jumatatu nikaingia dukani kwa tajiri yake, Riyaz, kununua misumari. Kwenye kaunta alikuwapo mama yake Riyaz, Bi Dolatkhanu, na simu mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, Mama Wema. Hebu tazama, ile kamera mpya ya makutano imetupiga picha. Masele kapita nyekundu. Nimeshangaa, Masele huyu? Nikasema labda ulikuwa unaumwa, anakuwahisha hospitali. Huyu hapa pembeni si wewe?"

Hakuwa mimi. Picha haikuwa na rangi, lakini pikapu ni ile ile ya duka, uso ni wa Masele, na kando yake kakaa mwanamke aliyejifunika kitenge cha maua kichwani mpaka puani, kageukia dirishani.

"Ndiyo mimi," nikasema, maana aibu yangu siigawi madukani. Nikamwomba anitumie ile picha. Misumari niliisahau pale pale.

Nikarudi nyumbani Ngokolo. Kubeba mwanamke, sawa, dereva hubeba watu. Lakini kumpitia nyekundu? Mimi nilikuwa nazaa, akasubiri. Huyu alikuwa na nini kunizidi? Wivu ulinichoma.

Jioni nikamwekea simu mbele yake. Masele akatazama, akainamisha kichwa.

"Nani huyu?"

"Jina lake halitoki mdomoni mwangu."

"Kwa nini lisitoke?"

"Haliwezi kutoka, Limi. Niache."

Asubuhi nikafungasha nguo zangu na za Wema, nikaenda kwa mama yangu Ibadakuli. Ndoa kwangu ilikuwa imekwisha, nilikuwa nakwenda kuitangaza tu.

Mama alinisikiliza bila kunikatiza. Nikampa simu. "Mtazame, mayu. Mwizi wa waume za watu ndiye huyo."

Akaisogeza simu mbali, akaileta karibu. Halafu akaingia ndani, akatoka na kitenge chenye maua makubwa kama sahani, akakiweka mapajani mwangu. Maua yalikuwa yale yale ya kwenye picha.

"Homa ilinikamata barabarani, nikakaa chini," akasema. "Akanikuta mkwe wangu. Nyuma kumejaa saruji, ikabidi nikae mbele, ubavu kwa ubavu na mume wa mwanangu."

Nikaelewa kwa nini wote wawili walinyamaza. Kwetu mama na mkwe wake hawali pamoja, hawatazamani, wala hawatajani jina. Wakikutana njiani, mmoja huchepuka.

"Tukafika kwenye taa. Haiishi. Watu pembeni wananitazama, nikaona soni ya kufa. Nikashika kitasa nishuke, na bodaboda zinapita upande wangu huo huo. Angenizuia, lakini mkwe atanishikaje mkono? Akaondoa gari kwenye nyekundu ile ile, nisiweze kushuka. Roli la pamba lilitukosa kidogo tu."

Nilipaswa kumshukuru Mungu kwa uhai wao. Nilimshukuru, ila Mungu anisamehe, nilimwonea wivu hata mama yangu. Kwa ajili yake Masele aliikabili kamera na roli. Kwa ajili yangu hajawahi kupita hata ya njano.

Jioni alikuja kutuchukua, akasimama nje ya ua, kaugeuzia mlango mgongo. Nilipanda na Wema mapajani. Hatukusemezana mpaka makutano, taa ikawaka nyekundu, naye akasimama.

Sijui ni shetani gani alinituma. Nikashika kitasa. "Nikisema nashuka, na mimi utanipitia nyekundu?"

Masele alinyoosha mkono, akautoa wangu kwenye kitasa, akaukamata hasa.

"Wewe nakushika," akasema.

Taa ikawa kijani. Gari la nyuma likapiga honi, na bado hakuwa ameniachia.