Moto wa Maganda

Mama mkwe wangu ana ugonjwa wa usafi. Mtaa mzima unamwita Bibi Sabuni, naye jina hilo analiitikia kama cheo. Sufuria zake unaweza kujitazamia ukasuka nywele. Mimi sasa, nauza juisi kona ya stendi, na kila jioni narudi nanuka nanasi na papai, na ndoo za maganda mkononi. Mungu naye ana utani wake, akatuweka jiko moja.

Nampenda, sina haja ya kuzunguka. Mama yangu mzazi alifariki kabla hajanifundisha hata kuchambua mchele. Nilipoolewa, mashoga walinitisha: "Utamkoma mama mkwe!" Nikamkuta ananisogezea kigoda kando ya jiko lake la mkaa. "Kaa hapa, mwanangu. Kupika ni kuangalia." Kila ninachokijua cha jikoni nimekipatia kwenye kigoda kile, huku yeye akipika na kukohoa.

Kikohozi hicho ndicho kilichotuletea balaa. Daktari alimpima kifua, akasema moshi wa mkaa basi, tena kuanzia leo. Mtungi wa gesi tulikuwa nao, lakini ulikuwa unaisha kabla maharage hayajaiva, na tunarudi kwenye mkaa kimyakimya. Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu anayeishi mji wa mbali, akapata habari. Akapiga simu: "Mwisho wa mwezi nakuja kumchukua mama. Kwangu tunapikia umeme." Mume wangu ni dereva wa lori, yuko safarini muda mwingi, aliniambia tu kwamba dada yake akishaamua, ameamua. Mama alijibu, "Sawa, mwanangu." Kisha akaanza kusugua sufuria iliyokuwa safi tayari, machozi yanamdondokea humohumo.

Ndipo nikamleta fundi wa gesi ya maganda. Aliweka tangi la plastiki uani, akaliwekea mfuko wa kukusanyia gesi na mpira unaoingia hadi jikoni. Akaanza na samadi ya ng'ombe iliyokorogwa na maji, na gesi ilipoanza kutoka akatufundisha kulilisha maganda yaliyokatwakatwa.

"Hili ni tumbo," alisema. "Humu mna vijidudu vinakula maganda, vinatoa gesi. Tumbo likichafuka, hampiki."

Siku mwali wa kwanza ulipowaka, wa buluu, bila moshi hata wa dawa, Mama alipiga kigelegele hadi jirani akaja kuuliza nani kaolewa. Tukapikia maganda ya tikiti, ya embe, ya papai, vitu nilivyokuwa nikilaumiwa kwavyo stendi nzima. "Ganda la mua la jana, chungu kaona kivuno," Mama akawa anaimba huku akikoroga.

Halafu moto ukaanza kufifia. Mfuko unajaa vizuri, lakini ukiwasha kiberiti gesi inapuliza tu na kukizima. Nikalaumu uchachu wa nanasi. Nikampigia fundi, nikamwambia maneno ambayo sitayarudia. Mkaa ukarudi, kikohozi nacho kikarudi, na wifi akapiga simu kusema ameshakata tiketi.

Siku moja juisi iliisha mapema, nikafunga biashara mchana. Kuingia uani, namkuta Mama amesimama juu ya kigoda kilekile, ameshika faneli, anamimina ndoo ya maji ya sabuni na dawa ya chooni ndani ya tangi. Povu limemfika viwikoni.

"Mama! Unafanya nini?"

"Nalikosha," akasema, bila wasiwasi wowote. "Kila ukienda kazini nalikosha kidogo."

Nina ulimi wa pilipili, na siku hiyo niliuachia. Nikamwambia ameua vijidudu vyote. Nikamwambia nimehangaika kwa ajili ya kifua chake, na shukrani ya punda ni mateke. Akashuka taratibu, akajifuta mikono kwenye kanga.

"Lilikuwa linanuka," akasema. "Majirani wakipita wanashika pua. Wifi yako anakuja. Ulitaka aseme nini? Kwamba mke wa mdogo wake mchafu? Mimi niondoke, wewe ubaki na jina hilo?"

Hasira yote ikaniishia. Nikakaa chini palepale kwenye povu, nikalia kama mtoto aliyepotea akaonekana. Akaniinua huku akilalamika kwamba nimeichafua sketi.

Fundi alikuja, maana ana roho nzuri kuliko mimi. Tukachota uchafu mwingi, tukaongeza samadi mpya, na majivu kidogo ya kupunguza uchachu. Majivu tuliyatoa kwenye jiko la mkaa la Mama. Aliyachekecha mwenyewe, mara mbili, eti vijidudu navyo vinastahili kitu kisafi. Kisha tukangoja, na kungoja si kipaji changu. Kila asubuhi nawasha kiberiti, kinazima. Asubuhi ya wifi kufika pia kilizima.

Akaja na begi tupu la kubebea nguo za mama yake. Nikamkaribisha sebuleni, nikazungumza mfululizo ili asisikie kikohozi kutoka jikoni. Nikazungumza hadi maneno yakaniishia. Tukabaki wote wawili tunasikiliza.

Hakukuwa na kikohozi. Kulikuwa na birika linaloimba.

Mama akatoka na sinia la chai. Wifi akanyanyuka, akampita, akaingia jikoni. Jiko la mkaa lilikuwa baridi, na kwenye jiko jipya mwali wa buluu ulikuwa bado unawaka. Aliutazama kwa muda, kisha akarudi, akalisukuma begi lile chini ya kiti kwa mguu.

Nyumbani kwetu kikombe cha kwanza hupewa mgeni, na hilo Mama halivunji hata mgeni akiwa mtoto mchanga. Wifi alinyoosha mkono. Mama akampita tena, akaniwekea mimi kikombe mikononi.

"Mama, mgeni ni mimi," wifi akasema.

"Najua," Mama akasema. "Subiri. Huyu amenuka maganda kwa ajili yangu."