Mkeka Alioandikiwa Mzee Wattie

Mtu akikuambia mechi ya kombe inaisha refa anapopuliza kipenga cha mwisho, muulize kama amewahi kubeti. Kwa watu wa mikeka, mechi ya kombe inaweza kuisha Jumamosi jioni, ikaanza upya Jumatatu asubuhi pale kaunta, ikapigwa wiki mbili nzima bila mpira. Kule kwenye mji mdogo wa Kilbrannoch wameicheza moja ya namna hiyo, na mpaka leo ukiingia baa yoyote ukaitaja timu ya Strathkell, utakuwa umejitafutia kelele.

Senga Laidlaw alikuwa amekaa nyuma ya kaunta ya duka la kubeti miaka ishirini na miwili. Alianza kazi kiwanda cha sufu kilipofungwa, akamzika mume akiwa pale pale, na sasa alikuwa na miaka hamsini na minane. Mji wenyewe una duka moja la dawa, bucha moja na baa nne. Kazi ikikuponyoka Kilbrannoch huiokoti barabarani. Na mtu wa kaunta akifukuzwa kwa mambo ya mikeka ndiyo basi tena, hakuna kampuni nyingine ya kubeti itakayotaka hata kumsikia.

Sheria ya kampuni yake iliyokuwa kali kuliko zote ilikuwa hii: mfanyakazi hamwandikii mteja mkeka. Mteja anachukua karatasi na kakalamu kafupi, anaandika mwenyewe timu na pesa, analeta kaunta, mashine inaisoma. Ukimwandikia, kesho usije. Senga alikuwa akiivunja sheria hiyo kila Jumamosi kwa miaka tisa, kwa mtu mmoja tu.

Mtu huyo ni Walter Crombie, ambaye hakuna aliyemwita Walter ila daktari. Wengine wote walimwita Mzee Wattie. Miaka karibu hamsini alikuwa fundi wa kuandika vibao vya maduka kwa brashi. Bucha, duka la dawa, baa zote nne, hata lango la uwanja wa mpira, herufi ni zake, na hakuna hata moja iliyolala. Watu walikuwa wakisimama barabarani kumtazama akivuta mstari. Kisha ugonjwa wa kutetemeka ukamshika mkono wa kulia. Tangu hapo mkono ule ulihamia mfukoni mwa koti, kiangazi na baridi, na watu wa Kilbrannoch, ambao wana midomo ya kusema kila kitu, hilo hawakulisema.

Jumamosi ya kwanza baada ya mkono kuharibika, alisimama kwenye meza ya kuandikia akijidai anasoma gazeti la mbio za farasi, nusu saa nzima, akingoja duka litulie. Halikutulia. Senga akatoka nyuma ya kaunta kana kwamba anafuta meza, akachukua kalamu, akaandika mkeka wa mzee wa siku zote, "Kilbrannoch kushinda, pauni mbili," akarudi zake. Wiki iliyofuata vivyo hivyo. Mwishowe, ili asionekane, Senga akawa anauandika mkeka ule asubuhi, kwenye jiko dogo la nyuma, wakati birika linachemka, halafu anauweka chini ya mashine. Wattie anakuja, anaweka sarafu kwa mkono wa kushoto, Senga anapitisha karatasi, kwaheri. Mambo yalikwenda hivyo miaka tisa, na Kilbrannoch wenyewe, maskini, walishinda walipoamua.

Sasa ikaja Jumamosi ya kombe. Kilbrannoch, timu ya mafundi bomba na mwalimu mmoja wa hesabu, walikuwa wanaipokea Strathkell ya ligi kuu. Kwenye orodha ya mechi hiyo kulikuwa na mistari miwili tofauti. Mmoja, nani atashinda ndani ya dakika tisini. Mwingine, nani atasonga mbele raundi ijayo, hata kama ni kwa dakika za nyongeza au kwa penalti. Duka lilijaa mpaka mlangoni. Mzee Wattie alipofika kaunta hakuweka sarafu, aliweka noti: pauni hamsini. Boila lake la kuchemshia maji ya nyumba lilikuwa limekufa tangu Novemba, alikuwa anaogea maji ya birika, na nadhani alichoka. Akainama, akasema polepole, "Leo siyo kushinda, binti yangu. Weka wasonge mbele. Hawa vijana wetu watahitaji muda."

Senga alisikia. Alijibu sawa, mzee. Lakini mkeka ulikuwa umeshaandikwa tangu asubuhi, foleni inamsukuma, Eck Purdie, mteja wa kila Jumamosi, anapiga kelele nyuma kwamba mpira utaanza watu bado wako hapa. Mkono wake ukafanya ulichozoea. Ukafuta ile mbili, ukaandika hamsini, ukaitia karatasi kwenye mashine. Lile la kusonga mbele likabaki sikioni. Wattie naye hakuwa na desturi ya kusoma risiti, maana kwa Senga alikuwa hana shaka.

Dakika tisini zikaisha kwa sare ya bao moja kwa moja. Dakika ya mia na kumi na saba, mwalimu wa hesabu akapiga kichwa, nyavu zikatikisika, na Kilbrannoch ikalia. Watu wazima walikumbatiana na polisi. Senga alisikia kelele zile akiwa dukani, akafurahi kwa ajili ya Mzee Wattie kabla hajafurahi kwa ajili yake mwenyewe. Alipiga hesabu kichwani: pauni mia tatu mkononi. Boila hilo.

Jumatatu mzee akaja amevaa tai. Senga akapitisha risiti, mashine ikasema sifuri. Akapitisha tena. Sifuri. Akautoa mkeka kwenye faili, akaona mwandiko wake mwenyewe, ule wa mviringo, "Kilbrannoch kushinda". Ndani ya dakika tisini ilikuwa sare. Mkeka ulikuwa umechanika, na aliyeuchana ni yeye.

"Lakini mimi nilisema kusonga mbele, Senga," Wattie alisema, bila ukali wowote.

Hapo ndipo Senga alipofanya jambo lililomuumiza zaidi ya kosa lenyewe. Kulikuwa na watu sita dukani. Akaogopa, akasema, "Ndivyo mashine inavyosema, mzee." Wattie akamtazama, akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa basi limechelewa, akakunja risiti.

Lakini Eck Purdie alikuwa amesikia, na Eck akisikia, mji umesikia. Duka likageuka bunge. Mmoja akasema mechi ni mechi mpaka refa aende kuoga. Mwingine akasema soma ukutani, imeandikwa dakika tisini, hujui kusoma? Eck akapanda juu ya kiti kuwaita wenye kampuni wezi, naye Eck huyo huyo alikuwa ameweka sare na kulipwa asubuhi ile kwa sheria hiyo hiyo ya dakika tisini. Alipokumbushwa akasema hiyo ni habari nyingine. Akatoka pale akapiga simu makao makuu, bila kumuuliza mzee, akawaambia: Wattie Crombie hawezi kushika hata kijiko, sasa huo mkeka kauandika nani?

Alidhani anamsaidia. Kumbe ameushika wembe kwenye makali. Barua ilikuja Jumatano: mkaguzi, Bwana Nisbet, atafika Alhamisi ya wiki inayofuata. Ikithibitika mfanyakazi ndiye aliyeandika na kukosea, mteja atalipwa pauni zake mia tatu, na mfanyakazi ataondoka siku hiyo hiyo.

Senga aliisoma barua ile mezani kwake, chai ikapoa. Angeweza kunyamaza. Kamera ya dukani inaangalia droo ya pesa, haikuwahi kuangalia birika. Lakini kila alipojaribu kujitetea moyoni, alimwona mzee na tai yake. Siku ya nane akaamua. Atasema kweli, mzee apate haki yake, na yeye Mungu atamjalia. Alipoamua hivyo ndipo alipoweza kula.

Alhamisi wakakaa watatu kwenye lile jiko dogo la nyuma. Nisbet alikuwa mtu mrefu, mkavu, wa kuweka kalamu zake kwa mstari. Kabla hajafungua faili, Senga akasema yote kwa pumzi moja: niliandika mimi, asubuhi, kabla hajaja, na alichoniambia sicho nilichoweka. Nisbet akaanza kuandika.

"Huyu mama anasema uongo," Mzee Wattie akasema.

Nisbet akainua kichwa. Wattie akaendelea, ametulia kabisa, kwamba mkeka aliandika mwenyewe, kosa ni lake, uzee, na hiyo simu alipiga Eck Purdie ambaye hata baba yake alikuwa hivyo hivyo. Senga akaanza kubisha. Mzee akamwambia anyamaze, wakubwa wanaongea.

"Bwana Crombie," Nisbet alisema, "unaelewa kwamba kama umeandika wewe, hulipwi kitu?"

"Naelewa hesabu, kijana."

Nisbet akatazama lile koti. Akasogeza karatasi tupu na kalamu, akamwomba aandike maneno yale yale, ili alinganishe.

Senga alitaka ardhi ipasuke. Miaka tisa hakuna mtu aliyeuona mkono ule ukifanya kazi, hata dada yake Wattie. Mzee akautoa mfukoni. Ulikuwa umekonda, unacheza peke yake. Alishika kalamu ikamtoka. Akaishika tena, akaukandamiza mkono wa kulia kwa wa kushoto, akaanza. Herufi ya kwanza ilipanda mlima, ya pili ikaanguka juu ya ya kwanza. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso. Fundi aliyeupamba mji mzima alichukua dakika nne kuandika jina la timu, na likatoka kama kuku amepita kwenye wino. Senga alikuwa analia na hakujificha.

Nisbet akaziweka karatasi mbili pamoja. Kipofu angeona tofauti.

"Hii ni hati yako, na hii pia ni hati yako?"

"Kuna siku inakuwa nzuri zaidi," Wattie alisema.

"Basi Jumamosi ile ilikuwa nzuri sana."

"Tuliifunga Strathkell. Ilikuwa nzuri kwa kila mtu."

Nisbet alizitazama karatasi muda mrefu. Senga akasema kwa sauti ya chini kwamba ameshamwambia ukweli. Mkaguzi akamjibu, bila kumtazama, kwamba yeye Bi Laidlaw si mlalamikaji; mteja anasema aliandika mwenyewe, na kwa kampuni neno la mteja juu ya mkeka wake ndilo la mwisho. Malalamiko yamekataliwa, sheria ya dakika tisini inasimama. Akapiga muhuri. Alipokuwa anavaa koti akasema ingekuwa vizuri, kuanzia leo, kila mteja aandike mwenyewe, hata akichelewa. Akampa Wattie mkono, akaushika ule wa kulia, akaondoka.

Nje, kwenye upepo, Senga alitoa bahasha. Alikuwa ametoa pauni mia tatu benki. Mzee akaikataa. Akasema ile siku ya gazeti la farasi alikuwa ameamua kutokanyaga tena dukani, wala baa, wala popote penye watu. "Ulikuja ukaandika ukaenda zako, wala hukunipa pole. Nimeishi na watu miaka tisa kwa sababu hiyo. Leo nimekulipa kidogo, usiniharibie."

"Asante, mzee," Senga alisema. Akairudisha bahasha mfukoni.

Pesa mzee hakupokea, lakini Jumanne mpwa wake Senga, fundi bomba na kiungo wa Kilbrannoch, akatokea mlangoni kwa mzee akidai anapita tu na boila la bure lisilo na mwenyewe. Wattie alijifanya ameamini.

Jumamosi ya raundi iliyofuata duka lilijaa tena. Mzee Wattie aliingia, akaenda kwenye meza ya kuandikia, na mbele ya watu wote akautoa mkono. Akachukua kalamu. Zamu ya kwanza kaunta ilikuwa yake, na nyuma yake walikuwa kumi na mmoja, mpira unaanza baada ya dakika saba. Mgeni mmoja akauliza kuna nini kinachochelewesha. Eck Purdie akamgeukia, akamwambia kama ana haraka kuna duka jingine, maili kumi na nne kutoka hapa. Watu wakangoja, mikono mifukoni, wengine wakitazama viatu, mpaka mzee alipomaliza na kuja kaunta.

Senga akaipokea karatasi kwa mikono miwili. Ilimchukua muda kuisoma, kisha akamsomea kwa sauti: Kilbrannoch, kusonga mbele, pauni mbili.

"Ndiyo hiyo," Wattie alisema, na Senga akaipitisha kwenye mashine.