Neno Yametakata

Asubuhi ya Mbagala, jua hushukia mtaro wa nyuma ya kiwanda cha khanga. Kwa miaka lilikuta wekundu, likakuta buluu, likakuta zambarau. Siku hizi linakuta maji meupe, hadi mchanga wa chini unaonekana, na wapita njia husimama kuyatazama.

Kazi hiyo ni ya Kokushubila. Ndiye anayewasha umeme kwenye tangi la maji machafu ya kiwanda. Mabamba ya chuma yanatoa mapovu, rangi inafifia, inafifia, inaisha. Siku ya kwanza alilia kwa furaha, mtu mzima, na ovaroli lake.

Ndipo Bi Hamida, mkulima wa mchicha huko bondeni, alipomuuliza, "Mwanangu, haya maji sasa vipi?"

"Yametakata, bibi."

Yametakata! Yeye alisema rangi, Bi Hamida akasikia uzima. Kesho yake ndoo zikashuka mtaroni. Maji ambayo watu walikuwa wakiyaruka sasa yanamwagilia mchicha, yanaosha mchicha, yanachemshiwa chai.

Na ole wake Koku, kwa sababu anajua. Rangi hutangulia kutoka, sumu hubaki nyuma. Ili sumu nayo iishe, maji yanataka muda wa saa nne kwenye umeme. Adelard, msimamizi wake, anampa dakika arobaini. "Rangi si imetoka, sista? Fungulia, tangi lingine linasubiri." Koku alimwonyesha majibu ya maabara. Adelard aliyakunja, akajipepea nayo.

Sasa viganja vya Bi Hamida vinabambuka. Jana Koku alishuka bondeni, moyo mzito, mdomo mzito zaidi.

"Shikamoo bibi. Msiyatumie haya maji. Bado yana sumu."

"Marahaba. Sumu gani hiyo, mwanangu, na vidole vyangu naviona humo?" Bibi alicheka, akachota. "Si we mwenyewe ulisema yametakata?"

Koku alirudia, akasihi, karibu apige magoti kwenye tope. Nani atamwamini mtu anayeyakana maji aliyoyasifu? Yametakata, yametakata: neno lilikuwa limeshaenda mbele yake, nyumba kwa nyumba, na yeye hana mbio za kulifikia. Alijichukia, wallahi alijichukia.

Leo tangi limejaa. Koku ameweka kidole kwenye swichi. Hakubonyeza. Ameifungua koki maji yakiwa vilevile yalivyotoka kwenye mapipa ya rangi.

Jua likashuka mtaroni, likakuta wekundu.

Kesho Adelard atamweka mtu mwingine kwenye swichi ile, na maji yatang'aa tena. Koku analijua hilo. Amesimama tu ukingoni, akimtazama Bi Hamida akija, akisita, akiinamia yale maji.

"Koku! Umetuharibia maji yetu! Mungu anakuona!"

Bibi akageuka, akapanda kilima na ndoo tupu. Koku akashukuru kwa laana ile.