Alhamisi za Casilda

Tangu afiwe na mumewe, Casilda Mur alikuwa hajashindwa padel, mchezo wa raketi wa watu wawili kwa wawili, hata Alhamisi moja, na kwa muda mrefu hakuliona hilo kuwa jambo la ajabu. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mtengeneza miwani wa mtaa wa Delicias katika mji wa Zaragoza, mzito wa miguu lakini mwepesi wa mkono. Alicheza kwa moyo wake wote, na alipowashinda watu aliona kapata haki yake.

Klabu yenyewe ilikuwa ya familia. Leandro, mumewe, ndiye aliyeijenga ng'ambo ya mto Ebro pamoja na mdogo wake Anselmo, viwanja vimezungushiwa vioo na nyavu za chuma pande zote, mpira ukigonga kioo unarudi na mchezo unaendelea. Baada ya mazishi Anselmo aliapa kwamba shemeji yake hataachwa ajifungie ndani. Kila Alhamisi jioni alimfuata kwa gari, akambebea mkoba wa raketi, wakacheza upande mmoja dhidi ya wanachama wawili wowote waliokuwepo. Daima walicheza uwanja namba moja. Kwenye kioo chake cha nyuma waliandika jina la Leandro kwa herufi nyeupe, na aliyekuwa ndani alilisoma kinyumenyume. Mama mkwe, doña Presentación, alikaa baa upande wa pili wa kioo na kahawa yake ya maziwa, habandui macho uwanjani.

Jioni moja ya Novemba, taa zikiwa zimewashwa na vioo vimegeuka kama vya kujitazamia, Casilda alisimama karibu na neti akimngoja mwanamke wa upande wa pili apige. Mpira ulikuwa juu kabisa, wa kupigwa chini kwa nguvu zote. Raketi ilishainuliwa. Hapo ndipo Casilda alipoona, katika kioo cha mbele yake, Anselmo akiwa nyuma yake ananyoosha kiganja na kukishusha polepole, kama mtu anayenyamazisha watoto sebuleni. Yule mwanamke akalegeza mkono. Mpira ukaja taratibu mpaka kwenye raketi ya Casilda, akaumaliza, na watu wakampigia makofi.

Alimaliza mchezo. Garini Anselmo alimsifu jinsi alivyokuwa mkali siku hiyo. Casilda alitazama nje na kuwahesabu moyoni wote aliowashinda: mwalimu wa michezo, wale madada wawili wa benki, hata daktari wa meno aliyewahi kuwa bingwa wa mkoa. Wote walikuwa wamemwonea huruma. Kumwambia Anselmo asije tena hakuweza, maana mtu huyo alikuwa amelia kuliko mama yake siku ya mazishi.

Akaanza kutafuta klabu nyingine kwa siri. Ya kwanza ilikuwa ya matajiri, yenye bwawa na muziki. Aliandikisha jina lake la usichana, lakini kocha alipomwona tu aliushika mkono wake kwa mikono yake miwili, akamwambia Leandro ndiye aliyemfundisha kushika raketi. Akakataa pesa yake. Ya pili ilikuwa ya kujiunga kwa simu na kupangwa na usiowajua. Alipangwa na vijana wawili wa chuo waliomwita señora kwa heshima, kama mtu mzima, na kumwokotea mipira ili asiiname. Kila alipofungua mlango wa kioo ulikuwa ni mlango wa uwanja uleule.

Ya tatu aliikuta kwa kupotea njia, katikati ya maghala, paa la bati, cierzo, ule upepo baridi wa huko, ukipenya kila tundu na harufu ya mkate ikitoka kiwanda cha jirani. Alisimama nje ya nyavu akiangalia. Mwanamke mpana wa mabega, dereva wa lori jina lake Iluminada, alimgeukia.

"Wewe dada, umekuja kucheza au umekuja kukagua jengo?"

Akaingia. Walimpiga mpaka akakosa pumzi. Walipogundua hawezi mpira unaogonga vioo vya kona, walimpelekea huko huko, mmoja baada ya mwingine, na mpira mmoja Iluminada aliupiga ukamkuta pajani. Hakumwomba radhi. Alimuuliza kama miguu ameiazima. Casilda alicheka mpaka akashika neti. Wiki nzima, akiwa dukani anasaga lenzi, alikuwa akiligusa lile doa la bluu la pajani kupitia sketi, na linamuuma, na anafurahi.

Basi Jumatatu akawa mtu wa maghala, na Alhamisi akawa mjane wa Leandro. Aliificha raketi ya pili nyuma ya makabati. Anselmo alipomuuliza kwa nini Jumatatu hapokei simu, alisema ni hesabu za duka.

Mwezi Machi Iluminada alimweka kwenye timu ya ligi ya mji, na kura ikawapeleka kwenye klabu ya ng'ambo ya Ebro. Casilda alisema anaona kama homa inamnyemelea.

"Homa gani hiyo inayojua tarehe?" Iluminada aliuliza. Casilda alipomweleza mambo yote, dereva yule alifikiri kidogo, kisha akasema atakuwepo upande wake wa kulia, na kwamba zaidi ya hapo hana la kumsaidia.

Uwanja waliopewa ulikuwa namba moja. Anselmo, aliyecheza kwa klabu yake, alimwona shemeji yake akiingia na fulana ya watu wengine, akasimama mlangoni kama mtu aliyeingia nyumba siyo. Mama mkwe alikuwa baa. Mchezo ulipoanza Anselmo alimpigia Iluminada kama kawaida, lakini kila mpira uliokwenda kwa Casilda aliulegeza. Iluminada akaanza kutikisa kichwa. Casilda akaudaka mpira kwa mkono, akaenda mpaka kwenye neti.

"Anselmo, nipige."

"Shemeji, tucheze tu."

"Nipige kama unavyowapiga wenzangu. Mimi sikufa."

Alirudi mahali pake. Mpira uliofuata ulikwenda juu, Anselmo akauendea, na kwa muda mfupi ilionekana mkono wake utalegea tena. Haukulegea. Mpira ulimpata Casilda begani kwa kishindo kilichosikika baa. Alichuchumaa akishika bega, machozi yakimtoka. Aliponyanyua macho alikuta Anselmo naye analia, wazi wazi, raketi imemning'inia mkononi.

Casilda na Iluminada walishindwa, na walishindwa vibaya. Baadaye, kwenye maegesho, Anselmo alimfuata akamwambia kwamba mchezo huu hajawahi kuupenda. Ulikuwa wa Leandro. Miaka miwili alikuwa akimwacha binti yake kwenye mazoezi ya muziki bila kumsikiliza hata mara moja, ili awahi Alhamisi.

"Nilijua nikiacha, utazama," alisema.

"Na mimi nilijua nikiacha, utazama wewe."

Walitazamana kwa haya. Casilda akasema basi waache, na Anselmo akakubali haraka sana, kama aliyefunguliwa pingu. Wakageuka wote wawili kwa wakati mmoja kuelekea dirisha la baa. Doña Presentación alikuwa bado kwenye kiti chake baa, koti limefungwa mpaka shingoni, anautazama uwanja mtupu, hajaondoka kwa sababu hakuna aliyekwenda kumsaidia kusimama.

"Nani atamwambia?" Anselmo aliuliza.

Casilda aliingia ndani, akampa mkono bibi kizee, akamshika kiuno. Mama mkwe alimuuliza kwa nini leo walisimama pande mbili tofauti, na kama Alhamisi ijayo watakuwa pamoja kama siku zote.

"Tutakuwepo, mama," Casilda akasema.

Na walikuwepo. Anselmo alikuja na gari saa ileile. Walipofika kwenye taa za daraja alimuuliza bega linaendeleaje, naye akamjibu kwamba linauma, ashikilie usukani vizuri.